Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Filamu ya The Great Indian Kitchen

Filamu hii ikitajwa tu, maswali ni yale yale. Tumeyapanga kuanzia ya mtu ambaye hajaitazama hadi ya aliyeitazama na bado anabishana na mwenziwe. Sehemu ya nne inaeleza mwisho wote, kwa hiyo kama hujaitazama na hupendi kuharibiwa uhondo, iruke.

## Mambo ya kuanzia

Inahusu nini hasa?

Binti aliyesoma, mcheza ngoma za jadi, aliyekulia Bahrain, anaposwa kupitia wazazi na kuolewa katika nyumba ya ukoo huko Kerala, kusini mwa India. Mume ni mwalimu wa somo la jamii katika shule ya wasichana. Nyumba ni kubwa na safi, na wakwe ni wapole. Siku ya kwanza ya ndoa inapambazuka, bibi harusi anaingia jikoni kumsaidia mama mkwe, na tangu hapo hatoki.

Mwandishi na mwongozaji ni Jeo Baby. Mke ameigizwa na Nimisha Sajayan, mume na Suraj Venjaramoodu. Ilitoka tarehe 15 Januari 2021, nayo ina urefu wa kama saa moja na dakika 40.

Ni filamu ya Bollywood?

Hapana. Bollywood ni ya Mumbai na lugha yake ni Kihindi. Hii ni ya Kimalayalam, lugha ya Kerala, na sinema ya huko ina desturi zake: bajeti ndogo, nyumba za kweli, watu wanaofanana na majirani. Anayengoja wapenzi waimbe kwenye mvua atangoja hadi filamu iishe. Utakachosikia ni kisu juu ya ubao, nazi ikikunwa, mafuta yakilia kikaangoni, na ufagio. Mtengeneza sauti wake, Tony Babu, alipewa tuzo ya jimbo kwa kazi hiyo. Filamu yenyewe ilitangazwa kuwa filamu bora ya mwaka 2020 katika tuzo za Jimbo la Kerala, na Jeo Baby akachukua ya uandishi.

Mbona mume na mke hawana majina?

Ni makusudi. Tangu mwanzo hadi mwisho wao ni mume, mke, baba, mama. Ukimpa mtu jina, mtazamaji anapata pa kujifichia: "Huyo ni fulani, si mimi." Cha kufurahisha ni kwamba mwanamke anayekuja kusaidia kazi, Usha, jina analo. Tutamrudia mwishoni.

Ilionyeshwa wapi mara ya kwanza?

Kwenye Neestream, jukwaa dogo la mtandaoni la Kerala, baada ya majukwaa makubwa kuikataa. Watu walipoanza kuizungumzia hadi nje ya India, Amazon Prime Video wakaichukua miezi michache baadaye.

Naweza kuitazama na watoto?

Hakuna uchi wala damu. Kuna matukio ya chumbani gizani, na hedhi inazungumzwa waziwazi. Mtoto mdogo atachoka kabla hajadhurika. Kijana wa sekondari, hasa wa kiume, mwite akae.

## Jikoni

Mbona nusu ya filamu ni kupika tu? Nilichoka.

Ulichoka kwa saa moja na dakika 40, ukiwa umekaa.

Mwanzoni jikoni panapendeza. Kamera inakaa juu ya sufuria, dosa (chapati nyembamba ya mchele na dengu) inamiminwa na kuzungushwa kwenye chuma, mboga zinakatwa vipande vilivyolingana, unameza mate. Jeo Baby anakuacha ufurahie. Halafu picha ile ile inarudi. Dosa ile ile, mikono ile ile, na sasa unaona vilivyokuwa vimeachwa nje ya picha: masinki ya vyombo, maganda, makapi, sakafu inayodekiwa, meza inayofutwa, kisha chakula cha mchana kinadai kuanza. Mhariri, Francies Louis, anazidi kufupisha vipande kadiri siku zinavyokwenda, hadi unashindwa kujua hii ni Jumanne au ni wiki nyingine.

Tazama meza ya chakula peke yake. Wanaume wawili wanakula kwanza. Miongoni mwa mboga kuna maganda ya mlonge, yale marefu ambayo hutafunwa kwa utamu wa ndani na makapi yake kutemwa. Wanayatema mezani, kando ya sahani, juu ya kitambaa. Wakinyanyuka, mama mkwe anakaa pale pale na kuanza kula, makapi yakiwa mbele yake, kama vile ni sehemu ya meza. Mke anasimama akiangalia. Hakuna anayesema neno. Kwangu mimi hiyo ndiyo filamu nzima, na inatokea mapema kabisa.

Kwa nini baba mkwe hataki presha kuka?

Anasema wali wa kwenye moto wa kuni una ladha. Ndiyo, unayo. Pia anataka chatini isagwe kwenye jiwe, si kwenye blenda, na nguo zake zifuliwe kwa mkono kwa sababu mashine inazichakaza. Vifaa vyote hivyo vimo ndani ya nyumba. Hakuna umaskini hapo.

Kinachotisha ni sauti yake. Hafoki hata mara moja. Anauliza kwa upole kama wali umepikwa kwenye kuka, anatabasamu, anamwita mkwewe kama binti yake, na kesho yake mtoto wa watu yuko mbele ya kuni akipuliza moto. Mzee huyu asubuhi huletewa mswaki mkononi ukiwa na dawa tayari. Akitaka kutoka, viatu vinawekwa miguuni pake. Kwa macho yake huo si uvivu. Ni heshima, na yeye anaipokea kwa unyenyekevu.

Lile bomba linalovuja chini ya sinki lina maana gani?

Kwanza lina maana ya bomba linalovuja. Mke anamwomba mume amwite fundi. Anasahau. Anamkumbusha, anasahau tena. Basi anatega ndoo, analifunga bomba kwa gunia, anamwaga maji yanayonuka kila siku, na harufu inabaki mikononi hata akioga.

Watu wengi wanalitafuta fumbo hapo, na fumbo lipo, lakini angalia hesabu. Katika nyumba ile, kazi iliyoangukia upande wa mume ni moja: kupiga simu kwa fundi. Haikufanyika. Ndoo hiyo ikumbuke ukifika sehemu ya nne.

Kwa nini mume alikasirika kule mgahawani?

Walitoka kula, naye akatema makapi kwa adabu pembeni ya sahani yake. Mke akacheka, akamwambia kwamba kumbe adabu za mezani anazijua. Utani tu. Mume akanuna, akataka aombwe radhi, na mke akaomba.

Alishtuka kwa sababu mke alithibitisha kwamba jambo lile si ujinga wala mazoea yasiyoonekana. Mtu anayejua kula vizuri mbele ya wageni anajua anachokifanya nyumbani. Mambo yale yale yanajirudia chumbani, mke anapothubutu kusema kwamba naye angependa kuandaliwa kabla ya tendo. Mume anamuuliza kwa dharau anajua vipi mambo hayo, kisha anamrushia neno kwamba ili amwandae lazima kwanza avutiwe naye.

Mama mkwe ni adui au mwenzake?

Ni mwenzake aliyetangulia. Anaamka kabla ya wote na hamnyanyasi mkwewe hata kidogo. Ana shahada ya uzamili, na baba mkwe analitaja hilo kwa fahari wakati wa kumkataza mkwe kuomba kazi: hata mkewe alisoma, lakini baba yake mzee alishauri abaki nyumbani, na tazama watoto walivyofanikiwa.

Anapoondoka kwenda kumhudumia bintiye mjamzito, mzigo wote unamwangukia bibi harusi. Baadaye, kwenye simu, mama huyo anamnong'oneza aombe kazi ya ualimu wa ngoma bila kuwaambia wanaume. Mtazamaji aliyezoea mama mkwe mkali wa tamthilia za Kihindi atapotea njia hapa, na ni vizuri apotee.

## Hedhi, nadhiri na Sabarimala

Mbona anafungiwa chumbani akiwa mwezini?

Katika nyumba kadhaa za Kihindu zinazoshika desturi hiyo, mwanamke aliye katika hedhi haingii jikoni wala mahali pa ibada. Mara ya kwanza filamu inaonyesha ahueni ya ajabu: binti anapata siku za kupumzika, maana hagusi sufuria. Mara ya pili mume na baba mkwe wako kwenye nadhiri ya kwenda kuhiji Sabarimala, na shangazi analetwa kusimamia. Sasa analala chini kwenye mkeka, vyombo vyake vinatengwa, hata anachokigusa kinahesabiwa.

Mume anapoanguka na skuta uani, mke anakimbia kumwinua. Mume anamsukuma. Maumivu ya goti yanaweza kungoja, kwanza atafutiwe namna ya kujitakasa kwa kuguswa.

Sabarimala ni nini, na imeingiaje kwenye hadithi?

Ni hekalu la mungu Ayyappa lililo msituni katika milima ya Kerala. Mahujaji hushika nadhiri ya siku 41: huvaa nyeusi, hawali nyama, hawalali na wake zao. Kwa kuwa Ayyappa huabudiwa hapo kama mseja wa daima, wanawake wa umri wa miaka 10 hadi 50 walizuiwa kuingia, na Mahakama Kuu ya Kerala ililithibitisha zuio hilo mwaka 1991.

Tarehe 28 Septemba 2018, Mahakama ya Juu ya India ililiondoa kwa kura 4 dhidi ya 1. Jaji pekee aliyepinga alikuwa mwanamke, Indu Malhotra. Maandamano yalizuka, na miongoni mwa waliopinga uamuzi walikuwamo wanawake wengi. Tarehe 1 Januari 2019 wanawake wa upande wa pili walisimama bega kwa bega na kufanya ukuta wa watu wa kilomita 620 hivi kupita jimbo zima, na alfajiri iliyofuata wanawake wawili wakaingia hekaluni chini ya ulinzi. Novemba 2019 mahakama ikapeleka maswali mazito ya kesi hiyo mbele ya jopo kubwa zaidi la majaji.

Filamu imewekwa katika siku hizo za moto. Mke anasambaza video mtandaoni inayounga mkono wanawake, na wazee wanakuja hadi barazani kudai aifute. Anakataa. Ndiyo hapana yake ya kwanza tangu aolewe.

Basi filamu inaushambulia Uhindu?

Wapo waliosema hivyo. Mimi naona inauliza swali la karibu zaidi: nadhiri ya mwanamume inapikwa na nani? Mahujaji wale wawili wanahitaji chakula maalumu, nguo safi kila siku, nyumba isiyo na najisi, na kazi yote hiyo inaongezwa juu ya mabega ya yule yule wanayemwita najisi. Swali hilo unaweza kulipeleka kwenye nyumba ya dini yoyote yenye mwezi wa funga na sherehe. Hata hivyo ni kweli kwamba Jeo Baby hakutafuta mahali pa baridi pa kuliulizia.

## Mwisho wa filamu

Ni nini hasa kinatokea jikoni siku ile ya mwisho?

Wageni wa nadhiri wamejaa, wanaume wanaagiza chai. Mke anawapelekea maji machafu ya sinki ndani ya glasi. Mume na baba mkwe wanakuja jikoni wamefura, na anawamwagia usoni maji ya ile ndoo. Kisha anatoka, anafuata barabara, anawapita wanawake waliokaa kando wakiimba kupinga hukumu ya mahakama.

Wapo wanaoona kitendo hicho ni cha kitoto. Lakini ni maji yao. Wameyazalisha kila siku kwa miezi, yeye ndiye aliyekuwa akiyabeba.

Kwa nini anamfokea mdogo wake nyumbani kwao?

Kwanza mama yake anamlaumu, anataka arudi akaombe radhi. Katikati ya lawama kaka anaingia na kuomba maji, na mama anamtuma binti mdogo ayalete. Hapo dada mtu analipuka: kaka ana mikono, ajitekee. Hasira yake si juu ya mdogo. Ni juu ya glasi ile ya maji, kwa kuwa sasa anajua inakoishia.

Yule mke mpya mwishoni ni nani?

Mume ameoa tena. Bibi harusi mwingine, jiko lile lile, kikombe cha chai kinaachwa akioshe yeye. Mume anamwambia ndoa ya kwanza ilikuwa kama mazoezi. Wakati huo mke wa kwanza ni mwalimu wa ngoma, ana gari lake na wanafunzi wake. Kwa hiyo mmoja ametoka na nyumba haikubadilika hata kidogo. Wanaolalamika kwamba mwisho ni wa furaha mno nadhani waliangalia nusu.

## Maisha halisi na sheria

Je, India kweli wanaume hawafanyi kazi za nyumbani?

Serikali yenyewe imepima. Katika uchunguzi wa taifa wa matumizi ya muda wa mwaka 2019, asilimia 81.2 ya wanawake walifanya kazi za nyumbani zisizolipwa siku ile waliyoulizwa, kwa wastani wa dakika 299. Wanaume ni asilimia 26.1, na hao waliofanya walitumia dakika 97. Uchunguzi wa 2024 ulipata dakika 289 kwa 88. Yaani miaka mitano imempunguzia mwanamke dakika 10, na mwanamume naye akajipunguzia 9.

Mume hakumpiga wala hakumtukana. Kosa lake liko wapi kisheria?

Sheria ya India ya 2005 ya kuwalinda wanawake dhidi ya ukatili wa nyumbani haikuishia kwenye kipigo. Inataja pia ukatili wa maneno na hisia, wa kingono, na wa kiuchumi. Sheria ya ndoa za Kihindu ya 1955 inaruhusu talaka kwa sababu ya ukatili, na mahakama zimekubali kwamba ukatili wa akili ni ukatili. Ugumu ni ushahidi: utamwambia nini hakimu, kwamba baba mkwe alipenda wali wa kuni?

Chumbani sheria ni dhaifu zaidi. Kanuni mpya ya adhabu, iliyoanza kutumika Julai 2024, imerithi kifungu cha zamani kinachosema mume kumwingilia mkewe aliye mtu mzima si ubakaji. Mahakama Kuu ya Kerala, Agosti 2021, iliamua kwamba kumlazimisha mke kunaweza kuwa sababu halali ya talaka, ijapokuwa si kosa la jinai.

Kazi ya mama wa nyumbani ina thamani yoyote mahakamani?

Inayo, na tarehe zimekutana kwa namna ya kushangaza. Siku 10 kabla filamu haijatoka, tarehe 5 Januari 2021, jopo la Mahakama ya Juu lililoongozwa na Jaji N. V. Ramana liliamua fidia ya wanandoa wa Delhi waliokufa kwa ajali ya barabarani, na likasisitiza kwamba mke asiye na mshahara ahesabiwe kipato. Jaji alinukuu sensa ya 2011: karibu wanawake milioni 160 walitaja kazi za nyumbani kuwa shughuli yao kuu, wanaume chini ya milioni 6.

Ila ona thamani hiyo inapohesabiwa: akishakufa. Kwa walio hai, Mahakama Kuu ya Madras, katika jimbo la Tamil Nadu, ilipiga hatua Juni 2023 iliposema mke aliyelea nyumba ana haki ya nusu ya mali iliyopatikana kwa jasho hilo la wawili. Septemba mwaka huo jimbo hilo likaanza kuwapa wanawake wakuu wa kaya rupia 1,000 kwa mwezi.

Nimesikia Kerala ukoo ulifuata upande wa mama. Sasa mfumo dume umetoka wapi?

Ni kweli kwa baadhi ya jamii, hasa Wanair: mali ilipita kwa wanawake, na mtoto alikuwa wa nyumba ya mama. Lakini msimamizi wa nyumba alikuwa mjomba. Sheria za karne ya 20 ziliuvunja mfumo huo kidogo kidogo, na ile ya Kerala ya 1975 ikamalizia. Ukoo kupitia kwa mama haukumaanisha mama ndiye mwenye neno, na Kerala hadi leo inasifiwa kwa elimu ya wasichana huku wengi wao wakiishia alipoishia mama mkwe wa filamu hii.

## Maswali ya pembeni

Kuna matoleo mengine. Nianze na lipi?

Anza na la Kimalayalam. La Kitamil la 2023, likiongozwa na R. Kannan na kuigizwa na Aishwarya Rajesh, limefuata nyayo karibu hatua kwa hatua. La Kihindi, *Mrs.*, la Arati Kadav akiwa na Sanya Malhotra, lilitoka kwenye jukwaa la mtandaoni la ZEE5 Februari 2025. Limehamia kaskazini, mume amekuwa daktari wa wanawake, na Sabarimala haimo. Ni laini zaidi kutazama, lakini ndilo lililowafikia wengi na kuwaudhi watetezi wa haki za wanaume mitandaoni. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba kupika kwa saa chache si mateso. Kuhusu saa ni ngapi, rudi kwenye zile dakika 299.

Vipi kuhusu Usha?

Huyu ndiye msaidizi anayeitwa kupika wakati mke ametengwa. Anaimba akifanya kazi, na anamwambia bibi mdogo siri: yeye akiwa mwezini hasemi, maana asipofika kazini halipwi. Katika nyumba inayoogopa najisi hivyo, chakula kinapikwa na mikono wasiyoiuliza. Filamu haikai naye sana, na hapo naungana na wakosoaji waliosema kwamba mke wa tabaka la juu ana kwao pa kukimbilia na ngoma ya kumlisha. Usha kesho asubuhi anarudi kwenye jiko lile lile.

Kuna sehemu ya pili?

Hapana. Jeo Baby baadaye alitoa *Kaathal – The Core* mwaka 2023, Mammootty na Jyothika wakiwa mume na mke ambao ndoa yao ya miaka mingi inafikishwa mahakamani na mke. Humo nako watu wanazungumza kwa upole.